Nyumba Iliyogeuzwa Robo

14 Oktoba

Upepo umegeuka. Tangu asubuhi unatoka magharibi, na Bibi anasema msimu wa mvua umeshaingia, samaki waanikwe mapema. Ndege ilitua kwa jaribio la pili. La kwanza ilipanda tena juu kwa sababu nguruwe alikuwa amelala katikati ya njia. Uriam, wakala wa ndege, ndiye anayepiga king'ora watu wafukuze wanyama, na nguruwe mwenyewe alikuwa wake.

Aliyeshuka ni Bi Salote, msanifu majengo kutoka Suva, mji wa ng'ambo. Atatujengea jengo jipya la abiria, kibanda cha mabati kivunjwe. Saa nane tukakutana katika maneaba, nyumba ya mikutano ya kisiwa kizima. Nilikaa nyuma ya Bibi, mahali petu, mwisho wa kusini. Wazee wakasema wanataka jengo lifanane na maneaba, mgeni akishuka ajue ameshuka kwa nani. Bi Salote hajui lugha yetu. Akauliza nani atamtafsiria.

Mwalimu aliniangalia. Kila mtu anajua alama zangu za Kiingereza. Lakini Kiingereza changu kinakaa kwenye kalamu. Kikipanda mdomoni kinakufa. Nilitazama mkeka.

Rotia akasimama.

Rotia ni binamu yangu, binti wa mjomba. Alikuja Julai kutoka Betio, kule Tarawa, kisiwa kikuu, baba yake alipopata kazi melini, na tangu hapo tunalala mkeka mmoja. Amenizidi miezi mitano na sauti yote. Neno la Kiingereza la paa lilimpotea, akasema "kofia ya nyumba," na maneaba nzima ikacheka, na Bi Salote akacheka. Mimi neno nilikuwa nalo. Nililishika ulimini mpaka mkutano ukaisha.

15 Oktoba

Mvua. Nimechora mlango.

19 Oktoba

Sasa nimejua vizuri, na natamani nisingejua. Bi Salote anamtaka kijana mmoja wa kumsaidia msimu wote: kupima, kutafsiri, kunakili ramani. Na atakayefanya vizuri, ofisi yake itampa nafasi ya mwaka mmoja Suva kujifunza uchoraji wa majengo, kuanzia Februari. Nafasi moja.

Ninachora nyumba tangu darasa la tatu. Nimechora kila nyumba ya kijiji hiki, hata choo cha mchungaji. Chini ya mkeka wetu kuna madaftari manne. Rotia analala juu yake kila siku na hajawahi kuuliza kwa nini mkeka una kichuguu.

Leo amerudi na futi kamba kiunoni, ile ya chuma ya mita nane inayojirudisha yenyewe. Anaivuta na kuiachia, tyrr, anaivuta na kuiachia. Amempima Bibi, amempima paka, amepima sufuria. Nami Bi Salote amenitumia zawadi kwa mkono wake Rotia, kwa kuwa amesikia nasoma kwa bidii. Kifutio.

26 Oktoba

Bi Salote alikula kwetu. Bibi alichimbua magimbi makubwa, yale anayoyaweka kwa ajili ya Krismasi, akayamwagia asali ya mnazi. Nilipeleka chakula nikarudi jikoni, nikasikiliza kupitia ukuta wa makuti. Bibi alikuwa anamweleza alivyougua ndani ya ndege mwaka mmoja wa zamani, Rotia anatafsiri na kuongeza chumvi, na Bibi, ambaye haelewi hata neno moja la Kiingereza, alijua chumvi imeongezwa, akawa anampiga Rotia begani na kucheka mpaka akakohoa.

Sijawahi kumchekesha Bibi namna ile. Miaka kumi na sita.

Bi Salote aliuliza, na yule aliyeleta chakula? Rotia akajibu, "Huyo ni bubu wetu. Anaongea Jumapili tu, na Mungu tu."

Wakacheka. Nilikuna nazi ya kesho.

2 Novemba

Mvua, mvua. Njia ya ndege imejaa maji. Ndege haikuja.

7 Novemba

Leo ninaandika mengi.

Mama alinituma nipeleke mkate nyumba ya wageni anakokaa Bi Salote. Ramani ilikuwa mezani, kubwa kama shuka, imebanwa kwa mawe manne ya pwani. Rotia alikuwa ameinama juu yake akipiga mistari kwa rula, ulimi nje. Niliweka mkate, na badala ya kuondoka nikatazama.

Ni ramani nzuri. Mita ishirini na nne kwa kumi na mbili, nguzo za mawe, paa la majani ya mkadi lililofungwa kwa kamba za usumba wa nazi bila msumari. Niliisikia ile ramani tumboni, kama njaa. Halafu nikaona mshale wa kaskazini pembeni, nikaona kosa.

Maneaba yetu imelala kaskazini hadi kusini. Upande mmoja mrefu unatazama bahari ya nje, jua linakotoka, na hapo katikati wanakaa watu wa ukoo wa bibi mzee Nei Tabuia, wanaoanza kusema kabla ya mtu yeyote. Upande mwingine mrefu, wa magharibi, unatazama bahari ya ndani, mitumbwi inakofikia, na hapo panakaa wageni. Mwisho wa kaskazini ni watu wa mzee Ten Nakibae. Mwisho wa kusini ni sisi. Hakuna anayefundishwa. Unazaliwa, unabebwa, unawekwa pale.

Lakini njia ya ndege inaelekea mashariki na magharibi, na jengo la Bi Salote limelazwa sambamba nayo. Limegeuka robo. Sasa pande ndefu zinatazama kaskazini, kwenye ndege, na kusini, kwenye barabara. Basi sisi wa kusini twende wapi? Ukigeuza watu mkono wa kushoto, tutakuwa mwisho wa mashariki. Ukiwageuza mkono wa kulia, mwisho wa magharibi. Na kaunta na mzani wa kupimia abiria vimechorwa katikati ya upande wa ndege. Ukigeuza kushoto, mzani unakuwa mahali pa Nei Tabuia.

Wazee wameomba jengo linalofanana na maneaba. Wakiingia ndani yake watakaa kama wanavyokaa ndani ya maneaba. Hawatajiuliza, kama vile mtu hajiulizi aingie kwake kwa mguu upi. Na kila ukoo utageuka kwa mkono unaoupenda.

Bi Salote hajui. Rotia hajui: kule Betio kuna maneaba za kanisa, unakaa unapopata. Ninayejua ni mimi.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Rotia akainua kichwa, akavuta futi kamba, tyrr, akasema, "Unataka nini, bubu wetu? Mkate tumeuona." Akamtafsiria Bi Salote, na Bi Salote akatabasamu, tabasamu la mtu mwema.

Nilifunga mdomo. Njiani, kwenye mvua, nikawaza: ameitaka kazi, aifanye. Ramani ni yake, kosa ni lake. Siku litakapoonekana wataona pia nani alikuwa anafaa. Wazo hilo lilinipa joto mpaka nyumbani. Ninaliandika kama lilivyokuwa.

8 Novemba

Sikusema.

12 Novemba

Wamesimamisha nguzo nane. Sikusema.

13 Novemba

Rotia amepigwa na jua mpaka pua imebabuka. Amelala saa kumi na mbili jioni na futi kamba mkononi. Sikusema.

21 Novemba

Mtihani wa mwisho. Swali la insha: eleza jengo unalolipenda. Nimejaza kurasa tano. Rotia amejaza moja na nusu, akatoka mapema kwenda kupokea mbao.

30 Novemba

Leo kulikuwa na ugomvi na nilikwenda kuutazama, nikitumaini mabaya.

Ni juu ya ukingo wa paa. Wazee wanataka ushuke chini, mtu akiingia ainame, kama inavyotakiwa. Bi Salote anasema haiwezekani, mgonjwa akibebwa kwa machela kwenda hospitali Tarawa wabebaji watapitaje? Ten Nakibae alisema yeye amebebwa kwa machela mara mbili na hakuwahi kusimama juu yake. Mambo yakaanza kukaza. Bi Salote alikuwa amekunja mikono kifuani, na wazee walikuwa wameanza kutazama nje, jambo ambalo kwetu ni baya kuliko kelele.

Rotia hakutafsiri. Alichukua mbao nne za fundi, akajenga kijumba kwenye mchanga, pande tatu ukingo uko chini, upande wa ndege ameuinua. Akawaambia wazee: anayetoka kwetu akapande ndege anatoka wima, anayeingia kwetu kutoka kijijini anainama. "Na mgonjwa je?" Ten Nakibae akauliza. "Mgonjwa anapita upande wa ndege, babu, akiwa amelala, na nyinyi mnamwinamia." Wazee wakacheka kwa pua. Halafu akamgeukia Bi Salote na kumweleza yaleyale kwa Kiingereza chake kilichovunjika vunjika, na Bi Salote akachukua penseli.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Ningeweza kumwonea kijicho cha raha kama angekuwa mjinga.

9 Desemba

Nimefanya jambo.

Tulikuwa kisimani alasiri, mimi navuta ndoo, yeye anafua. Bila utangulizi akasema:

"Ari, nikuulize. Jana Ten Nakibae alipita kwenye jengo akaipiga nguzo ya mashariki kofi, akasema hapa petu. Leo asubuhi Bibi kapiga kofi nguzo ileile. Kwani watu wana sehemu zao mle?"

Ndoo ilikuwa nusu njia. Niliivuta mpaka juu kabla ya kujibu, nikaimwaga kwenye beseni lake. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nataka ijulikane kuwa nilikuwa na muda.

"Ni mazoea ya wazee," nikasema. "Kwenye maneaba ndiyo. Pale ni uwanja wa ndege, nani atagombania pa kusubiria?"

"Kweli?"

"Kweli."

"Haya." Akasugua kola ya shati. "Wewe ndiye unayejua."

Hakusema kwa kejeli. Aliniamini, akaendelea kufua, na shati alilokuwa anafua lilikuwa langu.

Mpaka leo nilikuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza ndiyo tabia yangu, niliweza kujificha humo. Leo nimeongea. Mara moja msimu huu nimeulizwa na nikajibu kwa sauti inayosikika, na nilichosema ni uongo.

10 Desemba

Wamemwaga simenti ya sakafu. Kaunta imejengwa.

17 Desemba

Ndege haijaja siku tisa. Mchele umekwisha dukani. Tunakula magimbi na samaki wa chumvi. Paa limeisha kuezekwa, na ukisimama ndani mvua inasikika mbali, kama inanyesha kisiwa kingine. Nilikwenda peke yangu. Nilikaa kidogo mwisho wa mashariki, halafu kidogo mwisho wa magharibi. Nikaondoka.

25 Desemba

Krismasi, maneaba ya zamani, kisiwa kizima. Kwaya nne. Katikati ya nyimbo Rotia alichoka kukaa nyuma ya Bibi, akachukua kikombe chake akaenda kuketi na wasichana wa upande wa Ten Nakibae. Mkwe wa mzee yule, mama mmoja mnene mwenye masihara, akamtazama toka juu hadi chini:

"Mwanangu, karibu. Ni yupi kati ya vijana wangu uliyekuja kuolewa naye? Maana hapa anakaa wa damu au wa ndoa."

Wote walicheka, na mmoja wa vijana akaficha uso ndani ya shati. Rotia naye alicheka, akarudi. Lakini alipoketi nyuma ya Bibi hakuimba tena. Nilimwona anatazama mashariki, anahesabu. Akatazama magharibi. Akatazama kaskazini. Midomo ilikuwa inasogea. Kisha akageuza kichwa akanitazama mimi.

Niliimba ubeti mzima nikimtazama mchungaji.

26 Desemba

Hajaniuliza kitu. Anaongea nami kama kawaida, niletee chumvi, sogea, mguu wako. Futi kamba haivuti tena.

2 Januari

Pepo kali. Mnazi umeangukia kibanda cha zamani, umewapunguzia kazi.

8 Januari

Leo ilikuwa siku ya ufunguzi. Ndege ya wakubwa kutoka Tarawa ilitazamiwa saa tano. Watu waliingia saa tatu, kama mia mbili, wamevaa nguo za kanisani, kila familia na mikeka yake iliyoviringishwa. Wote waliinama kwenye ukingo. Bi Salote alisimama karibu na kaunta na shada la maua kichwani, akiwatazama wanavyoinama, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimwona na nikatamani kurudi nyumbani.

Bibi alikwenda moja kwa moja mwisho wa mashariki, akatandaza. Alikuwa hajamaliza kukunjua pembe ya nne, watu wa Ten Nakibae wakafika na kutandaza juu ya mkeka wake.

"Nei Tebora," Ten Nakibae akamwambia kwa adabu sana, "umepotea."

"Mimi nimezaliwa hapa," Bibi akasema.

"Hapa pamezaliwa mwezi uliopita."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikaa. Ten Nakibae naye akakaa, magoti yake yakagusana na ya Bibi, na wote wakatazama mbele kama hawaonani. Nyuma yao watu walikuwa wamesimama na mikeka mikononi, na kusimama ndani ya maneaba wakati wazee wameketi ni aibu, kwa hiyo wakaanza kuchuchumaa ovyo, ovyo, kama kuku kwenye mvua.

Na upande wa ndege Nei Tabuia alikuwa anatembea taratibu na fimbo yake, mjukuu amebeba mkeka. Alifika katikati. Akautazama mzani. Mzani haukumwambia kitu. Mjukuu akatandaza mkeka juu yake, na bibi yule wa miaka themanini na moja akageuka, akashikwa mikono, akaketi. Kioo cha namba kikawaka nyekundu juu ya kichwa chake: sabini na tisa nukta nne.

Uriam alimwomba asogee. Nei Tabuia akasema babu yake hakusogea mbele ya manowari, yeye hatasogea mbele ya Uriam. Uriam akasema, "Nyanya, lakini unapimwa." Akasema, "Acha wapime. Waandike."

Watoto walianza kucheka wakanyamazishwa. Halafu wazee wakaanza lile jambo la kutazama nje. Mmoja akasema nyumba hii haijui watu wake. Mwingine akasema basi turudi kwenye maneaba yetu, wageni wapokelewe na mabati yaliyopondwa na mnazi. Bi Salote aliuliza kwa sauti ndogo, kuna nini, Rotia, wanasema nini? Rotia hakumgeukia. Alinitazama. Nilingoja anyooshe kidole. Alikuwa na haki, mbele ya watu wote, kusema nilimwuliza huyu, naye akanidanganya. Hakunyoosha.

Nilitambaa kwa magoti mpaka kwake. Nikamnong'oneza sikioni. Nilisema, waanze na mgeni.

"Nini?"

"Kwenye maneaba mgeni anakaa upande mitumbwi inakofikia. Hapa mgeni anafika kwa ndege. Basi upande wa ndege ni wa wageni. Wageni wakishakaa, kila mtu anamfuata jirani yake wa zamani. Ni robo, mkono wa kulia."

Alinielewa kabla sijamaliza. Akaangalia mzani, akaangalia barabara, akageuza kidole chake hewani, robo, na nilimwona anaona. Akaniambia, "Sema wewe."

"Siwezi."

"Basi sema, mimi nitakuwa mdomo. Polepole."

Akasimama, akainama kuomba radhi kwa wazee, akasema: "Wazee wangu, mama zangu, ninatafsiri. Anayesema ni Aritiera, mjukuu wa Nei Tebora. Sauti yake ni ndogo, hii yangu amenikodi."

Nikasema kwa kunong'ona, sentensi moja moja, na yeye akapaza. Maneno yangu yalitoka mdomoni mwake makubwa, yakapanda mpaka kwenye paa. Hakuongeza chumvi. Hakuongeza hata punje.

Kisha Nei Tabuia, kutoka juu ya mzani, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Kwa hiyo mnaniweka na jua la upande gani?"

Nikanong'ona. Rotia akasema: "Katikati ya upande wa barabara, nyanya. Wageni wakiingia, wa kwanza kumwona ni wewe, usoni."

Aliwaza. Namba zilicheza cheza juu ya kichwa chake.

"Nisimamisheni," akasema.

Sijui nitaelezaje kilichofuata. Watu mia mbili waliinuka pamoja, wakaviringisha mikeka, wakaanza kuzunguka. Nei Tabuia na watu wake walikata katikati kuelekea barabarani. Bibi alimwambia Ten Nakibae, "Baki, nakuachia joto," akatembea na sisi wote nyuma yake mpaka mwisho wa magharibi. Koo ndogo ndogo zilifuata, kila mmoja akitafuta bega la jirani yake wa siku zote, "wewe huwa uko kushotoni kwangu, njoo," na watoto wakibebwa juu. Nyumba nzima ilizunguka mkono wa kulia, kama mtu anayegeuka usingizini, kisha ikatulia. Upande wa ndege ukabaki mtupu, wenye kaunta, mzani, na Bi Salote amesimama peke yake, mgeni, mahali pa wageni.

King'ora kikalia. Nguruwe wakafukuzwa.

9 Januari

Nilimwambia Rotia kisimani, palepale. Nilisema niliona tangu Novemba. Nilisema siku ile nilidanganya kwa makusudi, na makusudi yenyewe ni nafasi ya Suva.

"Najua," akasema. "Tangu Krismasi."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Bi Salote. Alivuta ndoo muda mrefu.

"Angejua sikuwa najua kitu. Miezi mitatu ninamtafsiria watu nisiowajua. Angekuchukua wewe." Akaimwaga ndoo. "Usidhani ni wewe tu unayelala pale na jiwe tumboni. Na madaftari yako nimeyaona tangu Agosti. Yananiumiza mgongo."

"Mbona hukusema?"

"Yalikuwa mazuri," akasema, kwa hasira.

11 Januari

Nimemwandikia Bi Salote barua, kwa Kiingereza, kurasa tatu. Nimeweka yote: mshale wa kaskazini, mkate, kisima. Nimeweka na daftari la nne. Nimeacha mlangoni nikakimbia.

13 Januari

Aliniita. Alikuwa amelisoma daftari mpaka mwisho, hata choo cha mchungaji. Alizungumza polepole, nami nilijibu kwa kichwa, kisha kwa maneno mawili matatu, yakatoka mazima.

Alisema, "Jicho unalo. Sijui watu wengi wenye jicho hilo. Lakini uliona Novemba, ukaniambia Januari. Kwenye kazi yetu, simenti inamwagwa hapo katikati, kabla ya Januari."

Nikasema ndiyo.

Alisema Rotia naye alikuja jana, akaeleza ya kwake kwa mdomo. Nyote wawili mmenificha, akasema, ila mmoja aliuliza kwanza. Nafasi ni ya Rotia. Nikitaka, nimwandikie mwezi wa kumi, na nimwandikie ninachokiona siku ninayokiona.

Nilirudi kwa njia ya pwani. Ni haki. Nimelirudia neno hilo mpaka nyumbani na bado halijashuka.

20 Januari

Mvua. Mama anashona mfuko wa Rotia.

27 Januari

Bibi analia akipika. Anasema ni moshi.

6 Februari

Rotia ameondoka leo.

Tulikaa mahali petu, mwisho wa magharibi, kana kwamba tumekaa hapo tangu zamani. Tayari watu wanaongea hivyo. Ten Nakibae alimwambia fundi mmoja kuwa yeye na mashariki hawajawahi kuachana.

Uriam aliita majina. Rotia alipanda kwenye mzani na Nei Tabuia, kutoka upande wa barabara, akasema kwa sauti ya kutosha, "Angalia usivunje, ni kiti changu cha zamani." Kilo hamsini na nane. Mfuko wake, kilo kumi na tano na gramu mia nne. Unaruhusiwa kumi na tano. Kisiwa kizima kilikuwa kinatazama. Akatoa chupa ya asali ya mnazi ya Bibi, akaona uso wa Bibi, akairudisha. Akapekua. Akatoa futi kamba.

Hakunipa mkononi. Aliitelezesha juu ya sakafu, ikaja mpaka kwenye ukingo wa mkeka wetu.

"Suva zipo," akasema. "Usimpime paka, ameshapimwa."

Halafu akatoka wima chini ya ukingo wa juu, na sikumwona tena kwa sababu ya mwanga.

Bado nina wivu. Niliutafuta ndege ilipokuwa inapaa, nikidhani labda umekwenda nayo, nikaukuta mzima. Nilimwonea wivu hata kwa upepo uliomvuruga nywele kwenye ngazi. Lakini nililia pia, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Watu walipoondoka nilibaki. Nikaikanyaga futi kamba kwa kidole cha mguu pale tunapokaa, nikaivuta, nikaweka alama, nikavuta tena. Kutoka mahali petu hadi kwenye mzani ni mita kumi na moja na sentimita arobaini. Nimepima mara mbili.